Sauti ya Kireno Kwenye Ufa wa Jiwe

Maji ya kuoshea sufuria yakimwagwa juu ya jiwe la volkano lililoshinda juani, hutoka harufu ambayo sijaikuta mji mwingine wowote: chuma, moshi wa zamani, na kitu kama yai lililosahaulika. Mwezi uliopita nilikuwa Goma kwa mazishi ya Tantine Nsimire, dada mkubwa wa baba yangu. Jirani mmoja akamwaga beseni lake uani nikiwa nimesimama karibu. Vinyweleo vya mikono vilinisimama kabla sijajua kwa nini. Halafu nikajua. Mwili wangu ulikuwa umesikia Kireno.

Watu huniuliza kilichonifanya nijifunze lugha hiyo, nami huwajibu kwamba ilinipa kazi, jambo ambalo ni kweli. Kwetu, lugha ya mtu haihitaji maelezo, sababu yake huonekana. Mama alijua Kinyarwanda kwa kuwa alivuka mpaka na vitenge vyake tangu msichana. Papa, karani katika ofisi ya malori ya mizigo, alijifunza Kiingereza kutoka redioni akitumaini kwamba siku moja mashirika ya misaada yatamwajiri. Vijana wa mtaa wetu, kartie ya Katindo, walijifunza Lingala kwa sababu ya kambi ya wanajeshi iliyokuwa jirani. Mwanajeshi hukuachia upesi ukimjibu kwa lugha yake. Hata binti wa jirani aliyekuwa akihangaika na Kichina tulimwelewa, maana tuliwaona wageni waliokuja kutengeneza barabara. Lakini Kireno? Hapakuwa na mtu wa kuongea naye Kireno mji mzima. Isipokuwa Tantine, ambaye alikuwa akiongea na jiwe.

Ndivyo nilivyoamini nilipokuwa mwaka wa tatu wa primeri.

Tantine alikuwa mjane. Aliishi katika nyumba ndogo ya mbao nyuma ya nyumba yetu, ndani ya parsele ileile, kiwanja chetu kimoja, na mimi nililala kwake kwa sababu kwetu tulibanana. Alitoka upande wa Bukavu kama Papa, Mkatoliki wa misa ya alfajiri, mwanamke mrefu wa maneno machache aliyeuza unga wa muhogo sokoni. Mwanawe wa pekee, Ombeni, alikuwa ameondoka kwenda Angola wakati mimi bado nabebwa mgongoni. Sikumjua. Nilijua picha yake tu, iliyobandikwa juu ya kitanda: kijana mwenye shingo nyembamba anayetazama pembeni, kana kwamba mtu alimwita wakati picha inapigwa. Na nilijua viatu vyake, vilivyokaa chini ya kitanda na kusuguliwa kila Jumamosi ingawa havikuvaliwa na mtu.

Kwa miaka alikuwa akipiga simu. Tantine alicheka sana alipozungumza naye, kicheko cha chini chini, na ndicho kicheko chake pekee ninachokikumbuka cha wakati ule. Mara ya mwisho Ombeni alimwambia kuna zawadi anamwekea, hataki kuitaja kwa simu, ataileta mwenyewe. Baada ya hapo hakupiga tena. Tantine ndiye akaanza kumpigia.

Simu ilishika netiweki vizuri mahali pamoja tu, kona ya nyuma ya parsele. Pale, lava iliyopoa kabla sijazaliwa ilikuwa imepasuka na kuacha ufa mweusi ambao kichwa cha mtoto kingepita. Hewa ya uvuguvugu ilitoka humo hata asubuhi zenye baridi. Mama alitukataza kuinama pale kwa sababu ya mazuku, ile hewa mbaya inayolala chini na kuua bila kuonekana. Siku moja tulimkuta kuku wetu ukingoni mwa ufa, macho wazi, hana jeraha, amekaa vizuri kama anayetaga. Papa alirundika mawe juu ya ufa, lakini yale mawe hayakuziba kila kitu. Ukisimama kimya ulihisi pumzi ile miguuni.

Hapo ndipo Tantine aliposimama kupiga simu, wima kabisa, simu mkononi, sauti imefunguliwa mpaka mwisho kwa kuwa sikio lake moja lilikuwa zito. Na kila mara mwanamke alijibu. Alikuwa na sauti laini, isiyo na haraka, isiyovuta pumzi mahali popote. Alisema maneno yaleyale, kwa namna ileile, kisha akanyamaza. Sikuelewa kitu, ila neno moja. Nilikuwa nimeanza katekisimu, na neno hilo tulifundishwa kulikataa kwa pamoja, tukiwa tumesimama. Mwanamke yule alilisema wazi katikati ya maneno yake: na shetani.

Nilimuuliza Papa yule anayejibu simu ya Tantine ni nani. Alikuwa akisoma karatasi zake za kazi, hakuinua macho.

"Ile haiko mutu," akasema.

Alimaanisha ni mashine ya kampuni ya simu. Hakuliongeza hilo. Nami nikaondoka na jibu nililopewa: si mtu. Kuanzia siku hiyo nilijua kwamba chini ya parsele yetu kulikuwa na mwanamke asiyevuta pumzi, kwamba ile hewa ya uvuguvugu ndiyo pumzi aliyoiacha nje, na kwamba Ombeni alikuwa kwake. Sikumwambia mtu. Jambo kubwa namna ile nilidhani watu wazima wote wanalijua na wameamua kutolitaja.

Alasiri moja ya mawingu, Tantine alipiga kama kawaida na sauti laini haikuja. Simu iliita. Iliita tena. Kisha kukasikika mtu, na huyu alivuta pumzi. Tantine akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ombeni? Ni Mama." Pumzi ile ikaendelea. Akarudia kwa Kifaransa. Halafu mwanamke mwingine kabisa, mwenye sauti kavu, akasema maneno machache kwa haraka. Lile neno la katekisimu likiwemo. Simu ikakatwa.

Tantine alibaki amesimama hadi mvua ilipoanza. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilipomsogelea nilisikia anayarudia yale maneno, sauti kwa sauti, bila kuyaelewa, kama mtu anayebeba maji kwenye viganja na kuogopa kuyamwaga. Aliyarudia akiwasha makaa. Aliyarudia akichambua maharage. Alfajiri niliamka nikamkuta ameketi kitandani, mikono mapajani, anayarudia. Picha ya Ombeni juu yake ilitazama pembeni.

Ilichukua majuma. Alimwuliza kila mtu aliyewahi kusafiri, akawatamkia zile sauti, nao wakatikisa vichwa. Papa alimwambia aachane na jambo hilo. Aliyemjibu alikuwa mteja. Muzee Saleh, mtu wa Maniema, Mwislamu, alikuwa dereva wa malori aliyeishi Angola muda mrefu kabla ya kurudi Goma na kufungua duka la vipuri. Alikuja kununua unga, na Tantine akawa anapima huku midomo inacheza. Mimi nilikuwa nyuma ya meza nashika mfuko. Niliona uso wa Muzee Saleh unabadilika.

"Mama, hayo maneno umeyatoa wapi?" akauliza.

Tantine akaweka kopo chini. Akamweleza. Muzee Saleh akamwomba ayaseme tena, polepole, na akafumba macho kusikiliza. Baada ya hapo akasema ni Kireno, kimepondeka kidogo lakini ni Kireno. Maana yake: Yeye haiko. Usipige tena.

Nilimtazama Tantine nikitegemea atalia. Aliuliza tu, "Haiko pale, ao haiko tena?"

Muzee Saleh alisema maneno yenyewe hayatoshi kujua. Ingebidi amwulize yule mwanamke.

"Nifundishe kuuliza."

"Ni swali moja, Mama Ombeni. Hata sasa hivi naweza kukufundisha, ukaenda nalo nyumbani."

"Na jibu je?" akasema Tantine. "Nikisha kuuliza, jibu nitalisikiaje?"

Muzee Saleh akachukua mfuko wake wa unga. Jumamosi iliyofuata alikuja kwetu alasiri, akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye kiti kimoja kilichokuwapo.

Nimesoma lugha tangu hapo, na walimu wenye vyeti, na sijaona mwanafunzi aliyejifunza kama Tantine. Hakuwa na kipaji. Ulimi wake ulikuwa mgumu, sikio lake zito, na kusoma kwake kulikuwa kwa taabu, kwa hiyo kila kitu kilipitia mdomoni. Muzee Saleh alisema neno, yeye akalisema, na mimi, niliyekuwa mkekani nikijifanya nacheza, nilisikia sauti mbili zikienda pamoja ndani ya chumba cha mbao huku nje mawe yakinuka mvua. Madirisha yalifungwa kwa sababu ya majirani. Giza lilikuwa la rangi ya kahawa. Mara nyingine waliongea hivyo hadi nikasahau kwamba ni wao wanaoongea.

Niliogopa, lakini sikuondoka. Hesabu yangu ilikuwa hii: ile ni lugha ya mwanamke wa chini ya jiwe, na Tantine anataka kumwendea. Mtu mmoja lazima aielewe vizuri ili ajue akianza kudanganywa. Nami ndiye niliyelala naye. Basi nikajifunza kwa nia ya ulinzi. Wengine hujifunza lugha kwa kazi, au kwa mapenzi. Mimi nilijifunza Kireno ili nimsikilize shetani akipanga mambo yake.

Nilishika haraka, kama watoto wanavyoshika. Siku moja Tantine alikwama na mimi nikamalizia sentensi kutoka mkekani. Walinigeukia wote wawili. Muzee Saleh akacheka, akasema huyu mutoto asikilize simu pamoja nawe, masikio yake ni mapya. Tantine hakucheka. Aliniita nikae karibu na miguu yake, na kuanzia hapo tulikuwa wanafunzi wawili.

Ni katika mojawapo ya masomo hayo ndipo lile neno liliponifungukia. Muzee Saleh alieleza kwamba Wareno wana maneno mawili mahali ambapo sisi tunasema *iko*. Moja ni la kitu ambacho hakikuachi: wewe ni mwanamke, wewe ni mama. La pili ni la kinachopita: umechoka, uko sokoni, unaumwa. Akasema yule mwanamke wa kwenye simu alitumia la pili. *Não está*, akatamka. Nau-shta. Haiko.

Kwa hiyo mashine haikumtaja shetani. Ilikuwa ikisema haiko, haiko, haiko, siku zote hizo. Utafikiri nilipata nafuu. Sikupata. Shetani nilifundishwa namna ya kumkataa. Kwa *haiko* sikufundishwa kitu.

Tantine alilishika somo lile kwa mikono yote miwili. Haiko la kupita. Mtu anayepita hurudi. Alimrudishia Muzee Saleh maneno hayo tena na tena akitaka athibitishe, na Muzee Saleh, akiangalia sakafu, alithibitisha kwamba ndivyo lugha ilivyo. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, niligundua kwamba Wareno hulitumia neno hilohilo la kupita hata kwa maiti. Wanasema amekufa kwa kitenzi cha aliyechoka na aliyekwenda sokoni. Nilifunga kitabu nikatoka nje. Muzee Saleh alilijua hilo kila Jumamosi, na aliamua kulibakiza mdomoni mwake.

Mbao hazizuii sauti. Mama Jolie, jirani yetu wa chumba cha maombi, kikundi cha kufukuza pepo, alikuwa amesikia mwanamke na mtoto wakijibishana nyuma ya madirisha yaliyofungwa kwa lugha isiyo ya duniani. Alimwambia mwenzake, mwenzake akaambia soko. Wateja wakaanza kuipita meza ya Tantine, wengine wakifunika kichwa cha mtoto mgongoni walipofika pale. Mtu asiyejua kwetu aweza kuona ni jambo la kuchekesha. Lakini mwanamke wa kartie nyingine alikuwa amechomewa nyumba kwa maneno machache kuliko hayo.

Mama Jolie akaja na watu wawili wa maombi. Kwa heshima alimwomba Papa ruhusa, na Papa, aliyekuwa amechoka na kuogopa, akaitoa. Wakamkalisha Tantine uani, si mbali na ufa, wakaweka mikono kichwani pake. Yeye alitulia kama anayesukwa. Waliomba kwa sauti hadi majirani wakapanda juu ya ua wa mawe kutazama. Kisha mmoja wao akaamuru kile kilichomo ndani yake kitaje jina.

Tantine akainua uso. Akasema kwa Kireno safi, polepole, kama Muzee Saleh alivyomfundisha juma lile, kwamba anaitwa Nsimire.

Mikono iliondoka kichwani pake kwa pamoja. Sijui hadi leo kama ulikuwa ukaidi au alikuwa akifanya zoezi. Ninachokumbuka ni watu juu ya ua wakishuka mmoja mmoja bila kugeuza migongo yao, na ile pumzi ya joto miguuni mwangu.

Jioni hiyo Papa alikuja kwenye nyumba ya mbao. Hakukaa. Alimwita Yaya, yaani dada, kama alivyomwita tangu utoto wao, na kumwambia kwamba baada ya Pasaka familia itamwombea Ombeni misa ya marehemu na kukaa kilio, ili watu waone kuna msiba na siyo kitu kingine. Alisema mtu akililiwa anapumzika, na walio hai pia wanapumzika. Nadhani alikuwa anamlinda. Nadhani pia alikuwa amemlilia Ombeni zamani, peke yake, na kuchoka kusubiri wengine.

"Nitauliza kwanza," Tantine akamjibu. "Nikijibiwa, nitavaa nguo nyeusi mimi mwenyewe. Lakini usimzike mutoto wangu kabla sijauliza."

Alipiga kila siku. Mashine ilijibu kila siku. Nilisimama kando yake, mkono wangu ndani ya kitenge chake, macho kwenye ufa. Tulikuwa tumetayarisha maneno kwa ajili ya yule mwenye sauti kavu: Mama, nakuomba, usikate. Mimi ni mama yake. Niambie, haiko hapo, au haiko tena? Niliyajua kama sala.

Iliita siku ya Jumapili, karibu na Pasaka, tumetoka misa na hatujavua nguo za kanisani. Mlima ulikuwa umefunikwa, na mwanga ulikuwa wa njano kama unavyokuwa kabla ya radi. Tantine aliacha kupumua. Simu ikapokewa.

Ilikuwa sauti ya mtoto. Msichana, mdogo kuliko mimi. Aliuliza kwa Kireno nani anaongea.

Maneno yote tuliyotayarisha yalikuwa ya mwanamke mzima, na kwa mtoto hayakufaa hata moja.  Mwishowe alichoweza Tantine kusema ni swali lilelile, kwamba wewe ndiye nani.

"Nsimire," ikasema sauti.

Simu ilimponyoka Tantine, nikaidaka kabla haijafika kwenye mawe.  Kwangu lilikuwa jambo wazi: yule wa chini ya jiwe alisikia jina likitajwa siku ya maombi, karibu na ufa, na amelichukua. Sasa analo, na analitumia, kwa sauti ya mtoto. Nilimtazama Tantine kuona kama bado yupo. Alikuwa ameshika kifua kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa makubwa, lakini alikuwa yupo.

Hapo ndipo ulinzi wangu ulipohitajika, nami nikauliza.  Nilimuuliza yule mtoto jina hilo alipewa na nani.

"Papa," akajibu, kama ni jambo linalojulikana. Akaongeza kwa haraka maneno mengine ambayo sikuyashika yote, kitu kuhusu mdomo wake, na kwamba ni jina la mama yake Papa, aliye mbali, mahali penye mlima wa moto.

Nilimwambia Tantine kwa Kiswahili. Sikuwa na haja. Alikuwa amekwisha kuelewa na alikuwa ameketi chini, mahali tulipokatazwa, juu ya mawe yenyewe, na Papa wangu, aliyekuwa anatoka nyumba kubwa, alikimbia kumwinua kwa sababu ya hewa mbaya, akidhani ameanguka. Kwa hiyo Papa alikuwapo pale, amemshika mabegani, wakati sauti kavu ilipoingia kwenye simu ikimgombeza mtoto na kuuliza kwa ukali ni nani.

Tantine akachukua simu mkononi mwangu. Akasema yote, kwa mpangilio. Usikate. Mimi ni mama yake. Akauliza swali lake.

Jibu lilikuwa refu, na lilikuja taratibu zaidi yule mwanamke alipoelewa anaongea na nani. Nilishika vipande, Tantine akashika vingine, na vingine alikuja kuvifungua Muzee Saleh tulipomsimulia. Ombeni, baba wa mtoto wake, alikuwa amekwenda na wenzake kaskazini kuchimba almasi, akamwachia mtoto simu ili awe anampigia. Hakupiga. Baadaye watu wasiojulikana walikuja kuwatafuta wageni nyumba kwa nyumba, na yule mwanamke akaogopa kila namba ya nje, akizima simu miezi mizima na kuiwasha siku aliposhindwa kujizuia. Alipomsikia Tantine akiongea lugha asiyoijua alidhani ni wale watu. Na kama haiko pale au haiko tena, alisema, sijui. Hilo tulilishika wote wawili vizuri kabisa. Ni neno ambalo Muzee Saleh alilifundisha siku ya kwanza. Sijui, Mama. Nami nangoja.

Halafu inite za simu, salio letu, zikaisha, na uani kukawa na sauti ya radi tu.

Papa hakutaja misa tena. Pasaka ikapita. Kona ile niliendelea kuiogopa miaka mingi, hata nilipojua kila kitu, na hadi leo nikisikia mashine ya simu ikisema mtu hapatikani, ninakata kabla haijamaliza. Ombeni hakurudi. Swali la Tantine alizikwa nalo.

Jumamosi baada ya simu ile, Muzee Saleh alikuja saa zake za kawaida, lakini hakuvua viatu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema amefurahi na amesikitika, na kwamba swali limekwisha kuulizwa na jibu limesikika, kwa hiyo kazi yake imefika mwisho.

Tantine alikuwa akifungua dirisha, lile lililokuwa halifunguliwi wakati wa somo. Alilisukuma hadi ukutani. Mama Jolie alikuwa upande wa pili wa ua akianika nguo, akatutazama.

"Ingia, Muzee," Tantine akasema. "Yule mutoto anasema mbio mbio, sikusikia hata nusu. Kuna kitu kimemutoka mdomoni, anataka nijue." Akaketi mkekani karibu nami, akagusa meno yake ya mbele kwa kidole. "Jino, wanasemaje?"